Vijiwe Vimehama

Siku Popo alipopata tetemeko la ardhi la peke yake, alfajiri ilikuwa imetulia, hata majogoo walikuwa bado wanajadiliana nani aanze. Alikuwa amelala chali. Akageukia kulia kumtafuta mkewe, na hapo hapo chumba kikaondoka. Kabati likapita. Dirisha likapita na pazia lake. Kisha kabati likapita tena, kama limesahau kitu. Popo akashika godoro kwa mikono miwili, akapiga kelele.

"Mama Pacha! Tetemeko! Toka nje, mke wangu, nyumba inaanguka!"

Mkewe akafumbua jicho moja. Akaitazama glasi ya maji juu ya meza ndogo, maji tuli. Akamtazama mumewe, amekumbatia godoro kama mtu aliyepanda pikipiki kwa mara ya kwanza.

"Tetemeko gani hilo, Baba Pacha, linalochagua upande wako wa kitanda?"

Kabla hajajibu, likaisha. Kabati likarudi ukutani, likasimama kimya kama halijafanya lolote. Popo akafuta jasho, akasema alikuwa anaota. Huo ukawa uongo wa kwanza, na uongo, mnaujua wenyewe, haupendi kulala peke yake, huita ndugu zake.

Kwa nini asiseme ukweli? Ngoja niwaambie huyu mtu ni nani. Alikuwa fundi rangi, na kazi yake hasa ilikuwa dari. Kuta alizipaka kwa sababu dari haisimami bila kuta. Jina la Popo alipewa na watu waliozoea kumwona juu huko, kichwa kimegusana na dari, brashi mkononi, anapiga mluzi. Kwenye ngazi alikuwa mfalme. Chini alikuwa mume wa mtu tu.

Baba yake naye alikuwa fundi rangi. Siku moja watu wakamwambia, mzee umechoka, shuka upumzike, wakampa kigoda akae mlangoni. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Kile kigoda ndicho kilichomla. Alikaa akitazama wapita njia, mluzi ukakauka mdomoni, na haukupita muda mrefu wakamzika. Popo alikirithi kigoda hicho, akakiweka stoo nyuma ya makopo matupu, miguu juu, kisije kikamzoea. Kila mara mtu alipomwambia, "Pumzika kidogo, fundi," alikiona.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, ameshika kazi ya ukumbi mkubwa wenye dari ndefu kuliko zote alizowahi kupaka, akiambiwa ana kizunguzungu. Nani atamwachia ngazi? Na aliyeingoja ngazi alikuwapo: shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyejifunza kazi mikononi mwake na ambaye mpaka wakati huo alishika ngazi, alipitisha ndoo na kupaka vya chini.

"Shemeji, ukichoka huko juu sema, mimi nipo," aliita kila asubuhi.

"Nakuona upo," Popo alimjibu. "Paka mlango."

Basi Popo akaamua kuficha. Baada ya siku chache alikuwa ameshajua tabia ya ugonjwa wake. Akiinamia kamba za viatu, dunia inazunguka. Akiinua kichwa ghafla, dunia inazunguka. Inazunguka kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja, kisha inaacha, na yeye anabaki na kichefuchefu na aibu. Ikimshika karibu na ukuta, alibandika sikio pale pale.

"Nasikiliza kama rangi imekauka," alisema.

Ikimshika mbali na ukuta, alichuchumaa. "Natafuta msumari. Umeanguka hapa hapa."

"Msumari gani huo kila siku, shemeji?" kijana akauliza. "Au umeupanda ardhini unangoja uote?"

Siku nyingine alikumbatia nguzo akafumba macho, na alipoulizwa akajibu kwamba anaomba dua. Jioni hiyo shemeji mtu akapita kwa dada yake, akaketi jikoni, akasema, "Dada, mumeo amekuwa mcha Mungu au amekuwa mlevi. Na kwa jinsi anavyoyumba, sidhani kama ni dini."

Tangu siku hiyo Mama Pacha akaanza kunusa. Popo akiingia mlangoni ananuswa mdomo, ananuswa shati, ananuswa kofia. Harufu ni rangi na mafuta ya taa ya kusafishia brashi, basi. Mama Pacha akazidi kuingiwa na wasiwasi, maana mlevi asiyenuka ni mlevi mwerevu. Lawama zote akazipeleka kwa kinyozi. Nje ya duka la kinyozi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo wanaume walikaa kila jioni wakicheza drafti na kutengeneza serikali za nchi za watu. Hicho ndicho kilikuwa kijiwe cha Popo. Mama Pacha alikichukia kijiwe kile kuliko mke mwenza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Popo ilikuwa na vidato. Alikuwa juu kabisa ya ngazi, anaikaribia pembe ya mwisho ya dari, ile ya juu ya mlango mkubwa. Akainua uso kutazama pale brashi ilipofika. Dari yote ikaanza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kwa hasira. Popo akaachia kila kitu, akaikumbatia ngazi. Ndoo ikashuka yenyewe.

"Shemeji!" sauti ikatoka chini, imejaa rangi nyeupe. "Mimi siyo dari!"

Popo alikuwa amefumba macho, meno ameyauma, moyo unagonga vidato. Utani ukakatika. Akasikia mikono inamshika vifundo vya miguu, mikono yenye utelezi wa rangi, ikimwekea mguu mmoja kwenye kidato, kisha wa pili, na ile sauti ikisema taratibu, "Niko hapa, shemeji. Leta huu. Sasa leta huu." Hivyo akashushwa mpaka sakafuni kama mtoto.

"Usimwambie dada yako," ndilo neno la kwanza alilosema.

Shemeji alikuwa mweupe kuanzia utosini mpaka mabegani, macho mawili tu yanapepesa. "Nisimwambie? Wewe umepata kizunguzungu, mimi nimepata uzungu. Nikipita pale kwenu hivi, nitasema nimetoka wapi?"

Mama Pacha alipoambiwa hakupiga kelele. Hapo ndipo Popo alipoogopa kweli. Asubuhi yake alivaa viatu vyake vya kuendea mambo mazito, akabeba mkoba, akasimama mlangoni mpaka mumewe alipoelewa kwamba wanakwenda hospitali.

Lakini ukaidi ni ukaidi. Walipoitwa, Popo akamwekea mkewe mkono. "Wewe nisubiri kwenye benchi. Haya ni mambo ya wanaume." Mama Pacha akakaa. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa umevimba kwa unyevu na haukufungika sawasawa, na benchi, kwa bahati, lilikuwa jirani nao.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani ameiweka juu ya nywele. Akamuuliza mengi. Kizunguzungu kinakuja ukifanya nini? Kinakaa muda gani? Ulimi umewahi kuwa mzito? Mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu? Mdomo kwenda upande, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida? Popo akasema hapana, hapana, hapana.

"Vizuri. Siku moja likitokea mojawapo ya hayo, usitafute msumari wala ukuta," daktari akasema, maana Popo alishakiri yote. "Unaletwa hapa mbio."

Akampima presha, akamfuatisha kidole kwa macho, akamtembeza mstari mmoja. Kisha akamkalisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, na kabla Popo hajasema la haula akamlaza chali kwa haraka, kichwa kinaning'inia ukingoni. Chumba kikaruka.

"Niache nife na kichwa changu!"

"Fumbua macho, baba. Nataka kuyaona."

Akayafumbua. Yalikuwa yanacheza, yanaruka upande mmoja na kurudi. "Nimekukamata," daktari akasema, na hakuwa akiongea na Popo. Akamshikilia hivyo hivyo mpaka kikapoa. Akamgeuza kichwa polepole kwenda kushoto, akangoja. Akamlaza ubavu, pua ikitazama sakafu, akangoja tena. Mwisho akamwinua akae, taratibu, kama mtu anayetoa kokoto kwenye chupa bila kuivunja.

"Baba, tatizo lako ni vijiwe," akasema. "Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo kuliko punje ya chumvi. Kazi yao ni kukuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Vyako vimehama, vimeingia kwenye mfereji usio wao. Ukigeuza kichwa vinaviringika humo, na ubongo unadhani ni wewe unayezunguka. Nimevirudisha, ila vinaweza kutoroka tena. Mpaka vitulie nyumbani kwao, hakuna kupanda ngazi."

"Nitakufa?"

"Kwa vijiwe? Hapana. Kwa kuanguka kutoka juu ya ngazi, ndiyo."

Akamweleza namna ya kuishi navyo. Kinapomjia akae chini hapo alipo, asione haya, akaze macho kwenye kitu kimoja kisichosogea. Alfajiri asikurupuke, akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Arudi wiki ijayo.

Sasa kule nje kulikuwa na mtoto analia na muuguzi anaita watu kwa sauti ya mnadani. Katikati ya kelele hizo Mama Pacha, sikio limebandikwa kwenye ufa wa mlango, alikuwa ameokota alichoweza: tatizo lako ni vijiwe. Vimehama. Unayezunguka. Hakuna kupanda ngazi.

"Nimesikia," akasema walipotoka getini.

Popo akashusha pumzi. Kumbe hana haja ya kueleza. "Umesikia yote?"

"Ya kutosha. Vijiwe."

"Ndiyo hivyo, mke wangu. Vijiwe."

"Vingapi?"

"Vingi. Hata daktari hawezi kuvihesabu."

Mama Pacha akasimama katikati ya njia. "Vingi! Na mimi miaka yote hii najua kimoja tu."

Popo akamwonea huruma. Maskini, mambo ya masikio hajafundishwa. "Usishangae. Kila mtu anavyo. Hata wewe unavyo, hujui tu."

"Mimi?"

"Wewe. Na hata mama yako anavyo."

"Mama yangu! Na uzee wake ule!"

"Uzee ndio unaovizidisha," Popo akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kwa daktari sasa hivi. "Watu wakizeeka ndipo vinapohama sana."

Mama Pacha akatembea mpaka nyumbani akihesabu kitu kwa vidole. Popo akadhani amemwelewa. Usiku huo akageuka kitandani na kabati likabaki ukutani, akalala usingizi mzito, mjinga wa Mungu.

Kesho yake jioni alikuwa kwenye benchi la kinyozi, shingo ameinyoosha kama aliyebeba mtungi kichwani, anasukuma kete za drafti bila kuinama. Hakuwa amemwambia mtu. Alishajipangia kumwambia shemeji kwamba ilikuwa njaa tu. Ghafla wenzake wakageukia barabarani. Alipogeuza macho, macho tu, akamwona Mama Pacha anakuja na viatu vile vya mambo mazito, na nyuma yake shemeji, bado ana rangi kwenye nyusi.

"Nisikilizeni nyote," Mama Pacha akasema. "Daktari amempima mume wangu, amesema mwenyewe kwa kinywa chake. Vijiwe ndivyo vinavyomzungusha! Juzi nusura anifie kwa sababu yenu. Hiki nakifunga leo. Hivyo vingine alivyohamia ataniambia viko wapi, nami nitavifunga kimoja kimoja!"

Mashine ya kinyozi ikasimama katikati ya kichwa cha mteja. "Dada, hospitali imetutaja sisi?"

"Imesema mmehama na mnamzungusha."

"Tuhame twende wapi?" mmoja wa wachezaji akaruka. "Sisi tupo hapa hapa tangu ukuta huu haujapakwa rangi!"

Popo alikuwa ameshaelewa kila kitu, mpaka lile la mama mkwe. Kicheko kilimpanda, kikakutana na hofu njiani. Kwa sababu tazama: akinyamaza, kijiwe kinafungwa, basi. Kijiwe kitafunguliwa tena, vijiwe havifi. Lakini akisema, shemeji yuko pale anasikia, na ngazi imekwenda. Akakiona kigoda, miguu juu kule stoo, kinajipindua chenyewe taratibu. Akafunga mdomo.

"Mnacheka," Mama Pacha akasema, ingawa hakuna aliyecheka. Akaukumbatia mkoba wake. "Ninyi mnacheka. Mimi ndiye nitakayeletewa mtu amebebwa kwenye ubao. Mimi ndiye nitakayefungua mlango."

Popo akainuka, polepole kama alivyofundishwa.

"Mke wangu, siyo vijiwe hivi. Ni vya sikio. Vijiwe vidogo vilivyo ndani ya sikio, mfano wa chumvi. Ndivyo vilivyohama. Nina kizunguzungu, nimekuwa nacho muda wote huu, nimewadanganya. Hakuna msumari, hakuna dua. Na daktari amenikataza ngazi."

Mama Pacha akamtazama, akatazama benchi, akatazama kinyozi.

"Na mama yangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Vya sikio."

Kijiwe kizima kikalipuka. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, mteja akacheka na nusu ya nywele zake, kete zikamwagika. Mama Pacha alijifunika uso kwa mkoba, mabega yanaruka. Popo naye akarusha kichwa nyuma akacheka kwa kinywa chote, ndipo akagundua kwamba amerusha kichwa nyuma na anga halikusogea hata kidogo.

Ambaye hakucheka alikuwa shemeji. "Kwa hiyo hupandi," akasema.

"Sipandi."

Popo akangoja utani. Haukuja. Kijana aliitikia kwa kichwa tu, akatazama chini, na hilo lilimuuma Popo kuliko utani wowote.

Lakini wiki ile, kule ukumbini, utani ulirudi na riba. Shemeji alikuwa juu, Popo chini anapaka milango. "Shemeji, umeruka hapo kwenye bawaba!" sauti ilishuka. "Shemeji, ukichoka huko chini sema, mimi nipo!" Popo alimeza. Mara moja tu kikamgusa, kidogo, alipoinamia kopo. Akakaa sakafuni bila kuona haya, akatafuta kitu kisichosogea cha kukazia macho. Ukutani mbele yake kulikuwa na msumari. Akaukazia macho mpaka dunia ikakaa sawa, akacheka peke yake.

Wiki ilipokwisha akarudi hospitali, daktari akamlaza tena chali, kulia na kushoto. Macho hayakucheza. "Panda," akasema. "Lakini mtu ashike ngazi, na ukisikia chochote unashuka."

Ilikuwa imebaki ile pembe ya juu ya mlango mkubwa. Shemeji alikuwa ameiacha bila kuambiwa, na alipoulizwa akasema ameisahau, kijana asiyesahau hata deni la peremende. Popo alipofika ukumbini akamkuta Mama Pacha ameshasimama mguuni pa ngazi, mikono ameikunjua.

"Nashika mimi," akasema, na hapakuwa na wa kubishana naye.

Popo akapanda. Kidato, kidato, mluzi ukaanza wenyewe. Akafika juu, akachovya brashi, akainua uso taratibu. Dari ilikuwa imetulia. Nyeupe, pana, yake. Machozi yalimtoka, na asiseme ilikuwa rangi.

Kisha ngazi ikaanza kutikisika.

Akaikamata kwa mikono miwili, akakaza macho kwenye kichwa cha msumari darini. Msumari haukuzunguka. Dari haikuzunguka. Ila chini ya miguu yake kulikuwa na mtetemo, mdogo, hauishi. Akashusha macho, siyo kichwa, macho tu. Mama Pacha ameishika ngazi kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi, amefumba macho, midomo inakwenda, na mwili wote unatetemeka kuanzia magotini, na ngazi inatetemeka pamoja naye.

Popo akaitazama pembe ile. Ilikuwa kazi ya brashi chache tu. Akaining'iniza brashi kwenye ndoo, akashuka.

"Nini?" Mama Pacha akafumbua macho. "Nini, Baba Pacha?"

"Kizunguzungu kidogo," Popo akasema. "Kimenigusa tu."

Mama Pacha akamshika uso kwa mikono miwili, akayachungulia macho yake kama daktari. Yalikuwa yametulia tuli, kama yale maji ya glasi.

"Mwongo wewe," akasema polepole.

"Haki ya Mungu tena. Shemeji! Panda umalizie."

Shemeji akapanda. Popo akapindua ndoo mbili tupu, akaziweka pamoja ukutani, akamkalisha mkewe kwenye moja, naye akakaa kwenye nyingine. Tone la rangi likamwangukia puani.

"Shemeji! Mimi siyo dari!"

Mama Pacha akacheka, akamfuta pua kwa kidole gumba. Mkono bado ulikuwa unatetemeka, na Popo akaushika, akauweka gotini kwake.

"Kesho utapanda?" mkewe akauliza.

"Ukipona," Popo akasema.